Nani Alipiga Hesabu ya Maji

Tulimzika Ta Respicius kwao Muleba, kwenye kibanja chake mwenyewe, nyuma ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Msemaji wa familia akasimama kuuliza nani atasema neno juu ya kazi za marehemu. Nilimtazama Injinia Projestus, naye akanitazama mimi. "Sema wewe," akaninong'oneza. Nikamwambia, "Waitu, wewe ndiye mkubwa." Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa katikati yetu." Kumbe miaka yote hii bado tunasukumiana! Nikasimama, nikasema maneno mawili matatu ya kawaida, kwamba marehemu alikuwa mkandarasi mwaminifu na mabomba yake hayavuji, nikakaa. Watu wakaitikia kwa upole, kama wanavyomwitikia mtu aliyeshindwa kusema. Nilirudi Bukoba nimejikasirikia kuanzia Muhutwe mpaka nyumbani, maana mzee yule alinifundisha kazi kuliko chuo, na hapakuwa na mtu mwingine pale kaburini ambaye angeweza kueleza namna gani. Basi yale niliyopaswa kuyasema siku ile, nayasema hapa.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa msichana niliyetoka chuo cha ufundi na cheti kipya na ulimi mkali, na Injinia Projestus akanichukua niwe msaidizi wake wa michoro. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitenge mjini, kimegawanywa kwa mbao nyembamba, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Kila alichosema kwenye simu nilikisikia, nacho mara nyingi kilikuwa Kiingereza. Sisi Wahaya tunataniana kwamba msomi wetu hata akiumwa tumbo analalamika kwa Kiingereza, na Injinia hakutuangusha. Alikuwa nshomile hasa, msomi wa tai na kalamu tatu mfukoni. Lakini alikuwa na moyo mzuri. Asubuhi alikuja na mkate kutoka kwake Nshambya, anaukata katikati, nusu yangu anaiweka juu ya michoro yangu bila kusema kitu, na mafuta yakichafua karatasi ananigombeza mimi. Nilipanga chumba Rwamishenye kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani kufanya biashara akanogewa na Bukoba. Chakula cha jioni nilikula kwake, wali siku ya Ijumaa na ndizi siku nyingine zote, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kunicheka kuhusu kazi ile.

Kazi yenyewe ilikuwa bweni la shule ya masista, Muleba. Bweni la zamani lilikuwa limeungua lote, magodoro, masanduku na paa, siku ya Jumapili wakati wasichana wote wako kanisani. Hakufa mtu. Mkuu wa shule, Sista Benigna, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika shamba la pili, hakuwa na mazoea ya kulia mbele ya watu, lakini siku ya kwanza tulipokwenda kwake alituambia huku ameshika kingo za meza: "Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili. Mara ya pili haitakuwa Jumapili. Nataka mnijengee nyumba ambayo hata moto ukiwakuta wamelala, nitawapata wote." Wafadhili nao walishasema hawatoi bweni lisilo na vinyunyizi, vile vichwa vidogo vya darini ambavyo joto likizidi vinapasuka vyenyewe na kumwaga maji juu ya moto. Wakati huo wasichana walilala madarasani. Kila jioni walisukuma madawati ukutani, wakatandika magodoro chini, na masika mvua ilipopiga kwenye bati hawakusikizana hata sala.

Sasa, kinyunyizi hakina miujiza. Nyuma yake pawe na maji, na maji yale yawe na msukumo. Pampu hatukuiamini, umeme wetu mnaujua, kwa hiyo Injinia akaamua tangi liwekwe juu kileleni, kwenye mlima nyuma ya shule, maji yashuke yenyewe kwa uzito wake. Yeye alichora. Ta Respicius, ambaye alikuwa ametandaza mabomba ya maji karibu kila kata ya Muleba ingawa vinyunyizi hakuwahi kuvifunga, ndiye alipewa kujenga. Alikuwa mtu mpana, mpole, anatafuna kahawa kavu tangu asubuhi, na akikuuliza swali anaanza na pole. Kwenye karatasi mambo yalionekana mepesi, mmoja achore, mwingine ajenge. Hakuna aliyejua kwamba kati ya kuchora na kujenga pana uwazi mkubwa wa kumezea watoto.

Mimi ndiye niliyepita kwenye uwazi ule. Wale wazee wawili waliheshimiana mno. Ta Respicius hakuthubutu kumpigia simu Injinia kumuuliza jambo, asije akaonekana hajui. Injinia naye hakuthubutu kumwelekeza Ta Respicius, asije akaonekana anamdharau mtu mzima mbele ya mafundi wake. Basi kila neno lilipita kwangu. Napanda gari asubuhi na michoro kwapani, nashuka Muleba, nasikiliza, narudi. Bi Zuhura alinipakulia jioni akauliza, "Mwanangu, wewe ni fundi au umekuwa posta? Hao mabwana hawana simu?" Nikamwambia wanazo. "Basi wanaogopana," akasema, akaniongezea mchuzi.

Siku moja mwanzoni mwa masika nilifika nikainua macho mlimani, nikaona kilele kitupu. Tangi lilikuwa limejengwa, zuri kabisa, zege limenyooka, lakini liko chini, kwenye bega la mlima karibu na mibuni. Nikamuuliza Ta Respicius. Akanivuta pembeni. Pale kileleni, akasema, wazee wa ukoo walimwonyesha kaburi la mzee wao aliyefungua ardhi ile, halina alama ila mmea uliopandwa kando yake, na mgeni hawezi kulijua. "Sasa ningefanyaje, mwanangu? Nimchimbie babu wa watu mtaro kichwani?" Mhaya yeyote angejibu kama yeye, hata Injinia. Hapo hapakuwa na kosa. Nikauliza, "Umemwambia Injinia?" Akatabasamu. "Si utamwambia wewe. Na yeye akisikia tu atajua la kufanya. Mtu aliyesoma vile!" Nikarudi mjini, nikamwambia Injinia neno kwa neno. Akavua miwani, akasema, "Kama amelihamisha, basi amepiga hesabu upya. Nimeandika kwenye mchoro, mkandarasi athibitishe. Siwezi kumfundisha mtu wa umri wake kazi yake." Nikamsikia upande wa pili wa mbao akifungua mchoro, akiufunga. Hivyo ndivyo jambo lilivyolala, katikati, kila mmoja amemwachia mwenzake kwa adabu.

Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, Mwanza, Dar, hata nje, na nimewaona watu wakigombana kwa sababu mmoja kaingilia kazi ya mwingine. Ugomvi huo hauniogopeshi. Unaoniogopesha ni ule ukimya wa watu wema. Wanaogombana angalau wanataja jambo lenyewe kwa jina. Wanaostahiana wanaweza kujenga nyumba nzima, wakapaka na rangi, kumbe ndani yake pana kitu ambacho kila mmoja anadhani kiko kwa mwenzake. Ukiwauliza, wote wawili watakuapia kwamba hawakudanganya, na watakuwa wanasema kweli.

Bweni lilikamilika kwa macho. Vitanda vya ghorofa viliingizwa, vinyunyizi viking'aa darini, na wasichana walishaanza kuchaguliana nafasi dirishani. Sista Benigna akakataa kuwahamisha. "Kwanza nione maji," akasema. "Kile cha mbali kabisa, juu, mwisho wa ukumbi. Fungueni hicho." Injinia alikuja na tai yake, Ta Respicius na mafundi wake, mimi na ndoo. Fundi akafungua mahali pa kujaribia. Tukasubiri. Kwanza hewa ikatoka, ikafuata kutu kidogo, kisha maji yakaja, yanachuruzika ukutani kama mzee anayepata shida chooni. Nisameheni, lakini ndivyo yalivyokuwa. Yaliloweka kiatu cha fundi na kuishia hapo. Sista akatazama ndoo, akatuuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Ndiyo haya? Haya ndiyo yangewazimia moto?"

Injinia akamgeukia Ta Respicius, Ta Respicius akamgeukia Injinia. Kila mmoja akaanza na "nilidhani". Kwa heshima hiyohiyo, jamani, kwa upole uleule! Nikachemka. Sikuwa na cheo chochote pale, lakini niliona yale magodoro madarasani, nikaona na sura ya Sista. "Injinia, waitu," nikasema, "na wewe Ta Respicius, naomba mnijibu moja tu. Tangi liliposhuka, nani alipiga hesabu ya maji?" Mvua ilikuwa imeanza nje na wasichana walikuwa wanakimbia kuanua nguo, wanacheka, hawajui kitu. Nikarudia swali. Ta Respicius akatoa kahawa mdomoni, akaishika mkononi, akasema, "Hakuna." Injinia akafungua kifungo cha shati juu ya tai. "Hakuna," akasema naye. Nadhani ndilo neno la kwanza walilosema pamoja tangu kazi ianze.

Mvua ilituzuia kurudi Bukoba, ikabidi tukale mchana kwa Ta Respicius. Ma Anastazia, mkewe, alimimina ebitoke, ndizi zilizopikwa na maharage, kwenye jani la mgomba, akaweka na dagaa pembeni, akatuita tukae chini kwenye nyasi mpya. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Injinia bila viatu. Wakala bila kuzungumza. Ma Anastazia akavumilia, akavumilia, mwisho akaweka upawa chini. "Nyie wanaume mkienda kuposa," akasema, "mnasema kila kitu kwa mdomo. Mnasema mbuzi wa nani, blanketi la bibi, pombe ya wajomba, na hakuna kinachopita mpaka upande wa pili useme umepokea. Hata kitu ambacho kila mtu anakijua, kinasemwa. Sasa kuwajengea watoto wa watu mahali pa kulala, ndipo mnanyamaza?" Injinia akacheka mpaka akapaliwa. Ta Respicius akampiga mgongoni, akaniambia, "Leokadia, wewe uwe msemaji. Uliza, sisi tutajibu."

Basi nikauliza, mikono bado ina maharage. Nani anasema nyumba hii ni ya hatari kiasi gani, na maji mangapi yatoke kwenye kichwa cha mbali kabisa, kwa msukumo gani? "Mimi," akasema Injinia. Nikamgeukia mwenzake. "Nimepokea," akasema Ta Respicius. Nani anachagua bomba lipite wapi, lipinde wapi, likwepe boriti ipi? "Mimi." "Nimepokea." Nani anapiga hesabu ya njia ile kama ilivyo kweli, kona kwa kona, mpaka mwisho? Hapo wakasita. Injinia akasema ni ya mkandarasi. Ta Respicius akaweka tonge chini. "Nitapiga," akasema, "lakini usiniandikie tena mkandarasi athibitishe bila kuniambia nithibitishe nini. Niambie kwa mdomo. Mimi nikiona neno hilo kwenye mchoro wa msomi nafikiri ni la kupamba." Injinia akameza. Nilidhani atakasirika. "Umesema kweli," akasema. "Na wewe, site ikigoma, kaburi, mwamba, mti, chochote kile, simama. Usihamishe hata dhiraa moja kabla hatujaongea. Sitakuona mjinga. Nitakuona mjinga ukinyamaza." Ma Anastazia akaitikia yeye, "Amepokea, huyo," na hakuna aliyebisha. Tukaendelea hivyo mpaka valvu ya mwisho, nani anaifunga, nani anaikagua, nani anawafundisha masista kuitumia. Na majaribio wayafanye wote wawili, wamesimama chini ya kichwa kimoja.

Mvua ilipokatika wakaenda wenyewe mlimani, na Injinia akavua kofia mbele ya wazee wa ukoo, akaomba kwa Kihaya cha bibi yake, kile ambacho sikuwahi kumsikia nacho ofisini. Walikaribishwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wazee wakawaonyesha mahali pengine juu, upande wa pili wa kilele, ambapo hapana mtu aliyelala. Njia ya bomba ikawa ndefu zaidi, na hesabu ikaonyesha bomba lenyewe liwe nene kuliko lile la mwanzo. Ta Respicius aliipiga hesabu ile mezani kwake siku nyingi, akawa ananipigia simu mimi, nami nikawa nampa Injinia simu mkononi. "Ongea naye," nasema, natoka nje. Mwanzoni niliwasikia kupitia mbao wakiamkiana muda mrefu kuliko kuongea kazi. Baadaye salamu zikapungua. Ikafika siku Injinia akapayuka, "Respicius, hiyo kona haiwezekani!" bila hata ile Ta ya heshima, nami nikajua kazi imeanza. Bi Zuhura aliponiona narudi mapema jioni alisema posta imefungwa.

Tulipojaribu tena, wote wawili walisimama chini ya kile kichwa cha mwisho, mikono nyuma, na maji yakaja kwa kishindo yakawalowesha mpaka soksi, tai ya Injinia ikamganda kifuani. Sista Benigna alisimama mlangoni, hakuondoka hata maji yalipomfikia. Wasichana wakahamia kabla ya likizo, na kule madarasani madawati yakabaki mahali pake. Mimi nilijiona nimemaliza. Kazi ya kuzima moto ina shida hiyo, ukiifanya vizuri unaomba isionekane kamwe.

Ikaonekana msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Asubuhi moja Sista alinipigia ofisini, anaongea haraka, kuna moto bwenini, umezimika, maji hayazimiki, njooni. Injinia aliendesha pikapu yake, tai haijafungwa, na Kemondo sikumbuki kama tuliipita. Tulimkuta Ta Respicius ameshafika, amelowa magotini, ameshafunga valvu. Akatueleza pale ngazini. Wasichana kadhaa walikuwa wameokota senene chini ya taa alfajiri, wengi ajabu, na Mhaya gani anaweza kungoja jikoni pafunguliwe? Wakaingiza jiko la mkaa bwenini, ghorofani, wakawakaanga katikati ya vitanda huku wenzao wamelala. Blanketi lililoning'inia kitanda cha juu likashika. "Kilifunguka kinyunyizi kimoja tu," Ta Respicius akasema. "Juu yao kabisa." Injinia akapanda kuangalia. Nilimfuata. Blanketi lilikuwa jeusi, godoro limeungua ukingoni, sufuria imejaa maji na senene wanaelea. Kitanda cha pili yake hakikuwa na hata alama. Injinia akakaa kwenye ngazi, akaweka kichwa mikononi, na Ta Respicius akakaa karibu yake, mabega yakigusana. Mimi nililia, nasema wazi, na sikujificha.

Kutoka uani tukasikia sauti ya Sista Benigna. Wasichana walikuwa wamepangwa kwa mistari, wengine wamelowa, wengine wamejifunika shuka, na wale wa senene mbele kabisa, wameinamisha vichwa, wanangojea adhabu. Adhabu haikuja. Sista alikuwa anaita majina. Mpishi akatuambia ameshawaita, akawaita tena, na kila mara wanaitikia wote, lakini haachi. Tukasimama mlangoni sisi watatu, tukasikiliza. "Adventina." "Nipo, Sista." "Agripina." "Nipo, Sista." Sauti nyingine zilitetemeka kwa baridi, nyingine kwa woga, moja ilikuwa bado imejaa senene mdomoni. Alipofika jina la mwisho, na la mwisho likaitika, Sista akavuta pumzi, akarudi kwa Adventina, akaanza upya. Hakuna aliyemzuia.